Mgonjwa na Aulizwe Uji

Katika shule nyingi za sekondari za Garissa, Wajir na Mandera kuna mdahalo mmoja ambao haukosi kufanyika walau mara moja kwa mwaka, na mada yake haijabadilika tangu nilipoanza kushika chaki upande huu wa mto Tana: "Dawa za kienyeji ni bora kuliko dawa za hospitali." Nimeketi mara nyingi kwenye meza ya waamuzi nikisikiliza hoja za pande zote mbili, na sina budi kusema kwamba vijana wetu ni wasemaji hodari. Upande mmoja huleta habasoda, asali, maziwa ya ngamia na nyanya aliyeishi miaka tisini bila kuchomwa sindano. Upande wa pili huleta chanjo, eksirei na chumba cha upasuaji. Kisha kura hupigwa, makofi yakavuma, na kila mtu akarudi bwenini bila kuokota neno hata moja litakalomfaa siku ambapo mdogo wake ataamka na homa huko nyumbani.

Kosa si la wanafunzi. Kosa ni la mada. Mada hiyo huchukulia kwamba mgonjwa amesimama kwenye njia panda, njia zote mbili zi wazi mbele yake, naye kazi yake ni kuchagua aliyo bora. Anayeijua Kaskazini Mashariki anajua kwamba sivyo. Familia iliyopiga kambi nyikani mbali na Balambala, au kule Hulugho karibu na mpaka wa Somalia, haina njia panda. Ina njia moja ndefu yenye vituo kadhaa. Mtoto akiugua, hupewa kwanza kilichomo nyumbani. Asipopata nafuu huitwa sheikh amsomee. Kisha huitwa mzee ajuaye kuchoma moto. Kisha hutumwa mtu sokoni akanunue vidonge kwa kumweleza mwenye duka dalili kwa mdomo. Na mwishowe, fedha zikipatikana na gari likipatikana, ndipo hupelekwa hospitali. Huko hospitali hufika akiwa hoi. Akifa, watu husema kwamba hospitali huua. Na kwa hesabu ya macho hawakosei, maana wengi wa waliopelekwa huko hawakurudi.

Nisieleweke kwamba nawalaumu wazazi hao. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara. Baada ya mauaji ya abiria 28 wa basi karibu na Mandera mnamo Novemba 2014, ambao miongoni mwao walikuwamo walimu, na baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walimu na wahudumu wengi wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi walifungasha virago wakaondoka, na vituo ambavyo tayari vilikuwa na upungufu vikazidi kupungukiwa. Mtu hawezi kuambiwa achague kitu ambacho hakipo. Lakini mahali kilipo, na hata mahali kilipo mbali, bado kuna uamuzi wa kufanywa: tungoje siku ngapi, tujaribu nini kwanza, na ni dalili ipi itakayotufanya tuache yote tukakodi gari. Huo ndio uamuzi ambao shule zetu haziufundishi.

Waswahili wana methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nzuri: usimsumbue mtu aliye dhaifu kwa maswali, mpe kinachomfaa. Lakini mimi naona methali hiyo imegeuzwa kuwa sheria, na sheria hiyo imeshikwa na watu wote wenye dawa mikononi. Mganga haulizwi. Sheikh haulizwi. Mwuza duka haulizwi. Daktari naye haulizwi. Yeye huandika kwenye karatasi kwa mwandiko usiosomeka, na mama aliyesafiri siku mbili huipokea karatasi ile kwa mikono miwili kama hati ya Serikali. Maoni yangu ni kwamba mgonjwa aulizwe uji, naye pia awe na haki ya kuuliza ni uji wa nini.

Tuanze na moto. Yeyote aliyeishi miongoni mwa wafugaji wa sehemu hizi amewaona watu, wazee kwa watoto, wenye makovu madogo tumboni, kifuani au kichwani. Hayo ni makovu ya tiba. Kijiti au chuma hutiwa katika makaa hadi kiwe chekundu, kisha huguswa ngozi mahali panapodhaniwa kuwa ndipo penye ugonjwa. Dawa ya moto ni moto, walinena wahenga, ingawa sidhani kwamba walikusudia maneno yao yatumiwe juu ya tumbo la mtoto wa miaka miwili.

Mojawapo ya maradhi yanayochomewa moto sana ni lile linalogeuza macho kuwa ya manjano. Mgonjwa huchomwa, hukaa wiki kadhaa, macho yakarudi kuwa meupe, na kijiji kizima kikashuhudia kwamba moto umeponya. Hapa ndipo ningependa walimu wenzangu wasimame pamoja na wanafunzi wao kwa kipindi kizima, wala wasipite mbio. Homa ya ini ya aina A, ambayo huenezwa na maji na chakula kichafu, aghalabu huisha yenyewe. Mwili hupambana na virusi, na kwa watu walio wengi mwili hushinda. Aliyechomwa moto hupona, aliyekunywa mizizi hupona, na aliyelala tu kivulini akipewa maji safi hupona pia. Moto umepewa sifa kwa kazi iliyofanywa na mwili wenyewe. Kinachobaki ni kovu, na pengine pepopunda iliyoingia kwa njia ya kidonda.

Lakini macho ya manjano si ugonjwa mmoja. Mnamo mwaka 2012, katika kambi za wakimbizi za Dadaab, humu humu Garissa, kulizuka homa ya ini ya aina E. Mamia ya watu waliugua, na wengi wa waliofariki walikuwa wanawake waliokuwa wametoka kujifungua. Aina hiyo huwa hatari mno kwa mwenye mimba. Iko tena aina B, ambayo yaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila kelele huku ikila ini polepole, na ambayo chanjo yake imo katika chanjo za watoto wachanga nchini Kenya tangu mwaka 2001. Kwa hiyo mzee aliyechoma watu kumi wakapona tisa hakudanganya aliposema tisa walipona. Asichokijua ni kwamba tisa wale wangepona hata bila yeye, na kwamba yule wa kumi alihitaji kitu kingine, mahali pengine, mapema zaidi. Hospitali nayo, tuseme kweli, haina dawa maalumu ya kuziua aina A na E. Ina kipimo cha kutambua ni aina gani, ina maji ya kutia mshipani, na ina mkunga wa kumwangalia mjamzito usiku. Mtu akijua hayo, hataidai hospitali miujiza, wala hataukimbilia moto.

Kuna wanaodhani kwamba kuukosoa moto ni kuikosoa dini. Mbona masheikh wenyewe hukumbusha kwamba Mtume alitaja asali, kuumika na moto kuwa njia za tiba, kisha akaukataza umma wake huo moto? Mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu ana nafasi hapa ambayo mwalimu wa sayansi hana. Wazee watamsikiliza yeye kabla ya kumsikiliza mwenye kitabu cha baiolojia.

Nimetaja kuumika, nami kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili naomba radhi nichepuke kidogo. Pembe ya kuumikia huitwa chuku, na kupiga chuku kulikuwa ni kutoa damu kwa pembe hiyo. Leo neno hilo limehamia kwa watu wanaotia chumvi katika maneno yao. Yamkini wenye lugha walikwisha kuona kwamba pembe ile ilivuta sifa nyingi kuliko damu. Basi anayetaka kuumikwa na aumikwe, lakini aulize wembe umetoka wapi na nani aliutumia jana, maana wembe wa kushirikiana huambukiza homa ya ini ya aina B na virusi vya Ukimwi bila kujali nia njema ya aliyeushika.

Sasa kuna ugonjwa usiotoka wenyewe, nao ni kifua kikuu. Huu umewachosha waganga wote wa nyika, kwa kuwa hauna haraka. Mtu hukohoa, huchomwa kifua, huonekana kupata nafuu kwa muda, hurudia kukohoa, naye kwa wakati huo wote huwaambukiza wanaolala naye kibandani. Isitoshe, ugonjwa huu umefungwa aibu; familia huuficha kwa kuogopa kwamba binti zao hawataposwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Dawa ya kifua kikuu ilikuwapo hospitalini kwa miaka mingi, na wafugaji hawakuponywa nayo, kwa sababu ilidai mambo ambayo mfugaji hawezi kuyatoa. Ilimtaka mgonjwa akae kitandani mjini huku ngamia wakifuata mvua, au arudi zahanati siku baada ya siku kutoka mahali pa mwendo wa siku tatu. Aliyelifungua fundo hilo alikuwa mwalimu. Annalena Tonelli, Mtaliano, alikuja Kenya mwaka 1969 kufundisha, na baadaye akahamia Wajir. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa kuwatibu wafugaji wa kuhamahama waliougua kifua kikuu. Badala ya kuwaingiza wodini, aliwaalika wajenge vibanda vyao wenyewe, kwa mikeka na miti yao wenyewe, mbele ya kituo alichokiendesha. Waliishi humo pamoja na jamaa zao kwa miezi sita, kila mmoja akimeza dawa yake mbele ya macho ya mhudumu hadi amalize. Watu waliita mahali hapo manyatta ya kifua kikuu. Utaratibu huo wa kumeza dawa mbele ya shahidi baadaye ulikuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa ulimwengu mzima.

Mama huyo alilazimika kuondoka Kenya baada ya kupaza sauti kuhusu mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Akaendelea na kazi ile ile Somalia, akatunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi mjini Borama. Simtaji ili tumlilie. Namtaja kwa kuwa alithibitisha jambo ambalo katika midahalo yetu halisemwi na upande wowote: wafugaji wa Wajir hawakuwa wameikataa dawa ya hospitali. Waliikataa hospitali. Dawa ilipowafuata katika vibanda vyao, waliimeza.

Wanaowadharau wafugaji hukosea kwa namna ya pili pia, kwa kudhani kwamba asiyekuwa na tiba hana elimu. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilipoigeuza Garissa kuwa ziwa, ilifuata homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu na huwapata watu kutokana na kugusa damu, nyama na mimba zilizoharibika za mifugo wagonjwa. Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa mwaka 2006, tena kwa kuanzia Garissa, na hadi ulipotulia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, kati yao 155 wakiwa wamekufa. Watafiti walipokwenda baadaye kuwahoji wafugaji Wasomali, walikuta kwamba wazee walikuwa wameziona dalili mapema: mvua isiyo ya kawaida, mawingu ya mbu, kisha wanyama kuharibu mimba kwa wingi. Walikuwa hata na jina la ugonjwa huo, sandik, kwa ajili ya damu inayotoka puani. Elimu hiyo ilikuwepo kabla daktari wa mifugo hajafungua sanduku lake. Iliyokosekana ni njia ya kuifikisha mjini, na mtu wa mjini wa kuisikiliza.

Hayo ndiyo ninayotaka wanafunzi wayatenganishe. Kuujua ugonjwa ni jambo moja. Kuwa na dawa yake ni jambo jingine. Mzee anaweza kuwa bingwa wa la kwanza na kuwa hana kitu katika la pili. Na daktari mgeni anaweza kuwa na dawa kabatini na asijue kwamba mvua ile ilikuwa onyo.

Wakati mwingine, hata hivyo, dawa nayo ipo. Wafugaji wa kaskazini wana utomvu wa mti wa jamii ya mbambara unaoitwa hagar, ambao huwapaka mifugo kufukuza kupe. Wanasayansi waliupima utomvu huo maabarani, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kweli hufukuza kupe. Kule China, Tu Youyou alisoma maandishi ya kale ya waganga, akabadili namna ya kuutoa utomvu wa mmea wa Artemisia kwa kupunguza joto, akajijaribu mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa, na dawa iliyopatikana ndiyo imo katika vidonge vya malaria ambavyo Kenya iliviteua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Tofauti kati ya mti wa babu na kidonge cha dukani, kwa hiyo, si rangi ya aliyekitengeneza wala lugha ya jina lake. Tofauti ni kwamba kimoja kimepimwa: ni kiasi gani kinachoponya, ni kiasi gani kinachoua, na ni nani asipewe.

Maziwa ya ngamia ni mfano mzuri wa jambo lililo nusu. Mjini Garissa wenye kisukari huyanywa kwa imani kubwa. Utafiti uliofanywa Bikaner, India, kwa idadi ndogo ya wagonjwa ulionyesha kwamba waliokuwa wakinywa maziwa hayo walihitaji insulini kidogo zaidi kuliko awali. Habari hiyo ni njema. Lakini insulini kidogo si insulini hakuna. Kijana mwenye kisukari anayeitupa sindano yake kwa sababu ya kibuyu cha maziwa anaweza kufa katika muda wa siku chache. Na kuna la pili, ambalo wauzaji hawalitaji: wengi huyanywa mabichi kwa kuamini kwamba moto huondoa dawa iliyomo, na katika ubichi huo ndimo ukaamo ugonjwa wa brusela, wenye homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya viungo, ambao kuuponya hudai dawa mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki sita. Inashangaza kwamba tunauogopa moto juu ya maziwa, ambapo ungetusaidia, na tunaukaribisha juu ya ngozi.

Baada ya kusema hayo sitakubali hospitali ikae kando ikichekelea. Kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kikitumika katika vituo vya afya vya Kenya kilichunguzwa magharibi mwa nchi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kilikuwa duni kiasi cha kuwapa watu ugonjwa wasiokuwa nao. Hebu fikiria: wiki sita za viuavijasumu kwa ugonjwa usiokuwepo, huku homa yenyewe ikiwa na chanzo kingine. Tusisahau pia Kemron. Mwaka 1990 taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, Rais akiwa mstari wa mbele kutangaza, iliuambia ulimwengu kwamba vidonge hivyo vimewapa nafuu kubwa wagonjwa wa Ukimwi. Vilijaribiwa kwingine na faida haikuonekana. Koti jeupe halikuwa kinga dhidi ya kupiga chuku.

Na upande wa pili, Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge, Tanzania, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za nchi hiyo, na foleni ya magari ikawa ndefu kwa kilomita nyingi. Wakenya wengi walivuka mpaka. Mfa maji haachi kutapatapa, nami siwezi kumcheka mtu aliyekuwa na ugonjwa usio na tiba akaenda kujaribu. Bei ilikuwa ndogo na mzee yule hakujitajirisha kama wengine. Lakini wako waliofia foleni, na wako walioziacha dawa zao za virusi vya Ukimwi kwa kuamini kwamba kikombe kimetosha. Kikombe hakikuwaua hao wa mwisho. Kuacha dawa ndiko kulikowaua.

Basi kijana aulize nini? Sipendi kuwapa wanafunzi orodha ya kukariri, kwa kuwa orodha huishia kwenye karatasi ya mtihani. Lakini swali moja hubeba mengine yote, nalo ni hili: ungejuaje kama dawa hii haifanyi kazi? Mwulize mganga. Mwulize sheikh, kwa adabu. Mwulize mwenye duka la dawa na daktari pia. Anayekujibu kwamba homa isiposhuka kwa siku mbili rudi kwangu au nenda mbele, huyo ana elimu, awe amevaa kikoi au koti. Anayekujibu kwamba dawa yake haishindwi kamwe, na kwamba usipopona ni kwa sababu umeamini nusu, huyo muage. Vivyo hivyo mtengeneza mifupa, ambaye sehemu hizi ana sifa ya kweli: aliye bingwa hutazama vidole vya mguu aliouunga, akiona vimekuwa baridi au vyeusi hukata kamba mara moja, na mfupa uliotokeza nje ya ngozi haugusi, bali huagiza gari.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya jadi na kuitaka Serikali iitungie sera. Ni hatua njema. Lakini sera haitafika nyikani kabla ya likizo ijayo, na likizo ijayo mwanafunzi wa sekondari atafika. Katika familia nyingi ni yeye pekee anayeweza kuisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza kwa watu wanaozungumza Kisomali. Nyanya humpa asome. Yeye ndiye daktari wa lugha, atake asitake, na uzito huo amebebeshwa bila mafunzo yoyote. Kaunti zetu tatu, ambazo zimekuwa na mamlaka juu ya vituo vya afya tangu mwaka 2013, zingeweza kuagiza kwamba maelezo ya namna ya kutumia dawa yatolewe pia kwa Kisomali, kwa maandishi makubwa, na kwa picha ya jua na mwezi kwa wasiojua kusoma. Gharama yake ni karatasi na wino.

Wakati tukingoja hayo, walimu wa madarasa wanaweza kufanya jambo dogo kabla ya kufunga shule. Kila mwanafunzi apewe daftari moja jembamba la kwenda nalo nyumbani. Mtu akiugua, aandike humo siku homa ilipoanza, alichopewa na kwa kiasi gani, kama ni mizizi aandike jina lake la Kisomali, kama amechomwa aandike wapi na lini, kama ni vidonge abandike kipande cha boksi. Daftari hilo lifuatane na mgonjwa hadi zahanati, na mhudumu alisome kabla ya kuanza kumgombeza mama kuhusu makovu. Naye, akimaliza, aandike ukurasa unaofuata kwa mwandiko unaosomeka: ameona ugonjwa gani, ametoa dawa gani, na ni lini mgonjwa arudi.